Mbachao na Msala Upitao: Mtepe wa Wabajuni na Historia ya Uaminifu kwa Chombo cha Zamani

Ikisiri

Makala hii inachunguza kwa nini watu hukishikilia chombo chao cha zamani baada ya kuletewa kipya kinachosifiwa kuwa bora zaidi. Mfano mkuu ni mtepe, chombo cha baharini kilichoshonwa kwa kamba ambacho Wabajuni waliendelea kukiunda na kukitumia kwa zaidi ya karne nne baada ya meli za misumari ya Wareno kufika katika pwani ya Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba uaminifu huo haukutokana na ujinga wala ukaidi. Ulikuwa uamuzi wenye hesabu ndani yake, na kiini chake kilikuwa uwezo wa mtumiaji kukitengeneza chombo chake mwenyewe. Makala inaonyesha pia gharama za uaminifu huo, namna ulivyokoma, na jukumu linalowakabili wanaisimu wa Kiswahili kuhusu msamiati uliobaki.

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2013 kampuni ya Opera ya Norwe ilitoa toleo la 15 la kivinjari chake cha kompyuta. Jina lilikuwa lile lile, lakini ndani chombo kilikuwa kingine. Injini yake ya awali, Presto, ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na msingi wa Chromium. Huduma kadhaa ambazo watumiaji walizizoea, ikiwemo ya barua pepe iliyokuwa ndani ya kivinjari chenyewe, hazikuwemo tena. Watumiaji wengi walikataa kuhama, wakabaki na toleo la 12. Mwanzilishi mwenza wa kampuni hiyo, Jon von Tetzchner, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka, alianzisha kivinjari kingine, Vivaldi, kilichotoka rasmi mwaka 2016 kikiwalenga hasa watu hao. Mwezi Novemba 2017 jambo la namna hiyo liliwapata watumiaji wa Firefox. Toleo la 57 lilikuja na kasi mpya, lakini programu ndogo za nyongeza zilizoundwa kwa mfumo wa zamani ziliacha kufanya kazi. Baadhi yao walihamia Pale Moon, kivinjari kilichoendeleza umbo na mfumo ule wa awali.

Msomaji anaweza kuuliza matukio haya yanahusianaje na historia ya Waswahili. Jibu limo katika lugha yenyewe. Neno kivinjari limeundwa kutokana na kitenzi vinjari, ambacho kabla ya kuingia katika istilahi za kompyuta kilitumika kwa vyombo vya baharini vinavyozunguka huku na huko kwa kupeleleza au kulinda. Kwa hiyo anayefungua kivinjari, kwa mujibu wa Kiswahili, anaingia chomboni. Nalo neno chombo hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine hulazimika kuzitenganisha: kifaa cha kazi na kitu cha kusafiria majini. Mswahili anaposema kwamba amezoea chombo chake, huenda anazungumzia patasi, huenda anazungumzia dau.

Kutokana na msingi huo, makala hii inaisoma historia ya mtepe kuwa ni historia ya watumiaji walioletewa chombo kipya wakachagua kubaki na kile cha zamani. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ni nini hasa walichokuwa wakikishikilia?

2.0 Visiwa na Bahari Yake

Visiwa vya Wabajuni vimepangana sambamba na pwani ya kusini mwa Somalia, kuanzia karibu na Kismayo hadi kuelekea Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya. Miongoni mwavyo ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Ng'ambo ya mpaka, Wabajuni wamekaa katika funguvisiwa la Lamu, hasa Faza katika kisiwa cha Pate, na katika vijiji vya bara inayoelekeana nalo. Lugha yao, Kitikuu au Kibajuni, ni mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili.

Ngumi si jina linalotajwa sana katika vitabu vya historia, lakini magofu yake yanashuhudia kwamba maisha ya mji yaliwahi kustawi hapo. Eneo hili lilitembelewa na watafiti mbalimbali katika karne ya 20. J. A. G. Elliott aliandika juu ya ziara yake visiwani katika miaka ya 1920. Vinigi Grottanelli alitoa kitabu chake juu ya wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955. Na Neville Chittick alichapisha mwaka 1969 taarifa ya ukaguzi wake wa kiakiolojia katika pwani ya kusini ya Somalia.

Jiografia ya visiwa hivi ni muhimu kwa hoja yetu. Ni visiwa vya matumbawe. Kati yake na bara kuna maji ya kina kifupi, na upande wa bahari kuu kuna miamba. Chombo kinachofaa mahali kama hapa ni kile kinachoweza kupwelewa mchangani bila kuvunjika, kupakiwa mzigo maji yakiwa yamepwa, kisha kuelea tena yanapojaa. Mtu anayetathmini chombo akiwa katika bandari yenye gati hawezi kuona anachokiona nahodha wa Ngumi au Chula.

3.0 Mtepe Ulivyoundwa

Vyombo vya kushonwa vina historia ndefu katika pwani hii. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kijulikanacho kama Periplus kinavitaja, na hata jina la mji wa Rhapta linaelezwa humo kuwa limetokana na vyombo hivyo vilivyoshonwa. Katika karne ya 10, al-Mas'udi, ambaye mwenyewe alisafiri hadi Afrika Mashariki, aliandika kwamba vyombo vya bahari hii havikupigiliwa misumari bali vilishonwa kwa nyuzi, kwa sababu maji yake hula chuma. Vasco da Gama na watu wake walipofika mwaka 1498 waliviona vyombo vya aina hiyo, na msafiri mmojawapo aliandika kwamba mbao zake ziliunganishwa kwa kamba.

Mtepe ndio uliokuwa wa mwisho miongoni mwa vyombo vikubwa vya ukoo huo katika pwani ya Waswahili. Waunzi walitoboa matundu kandokando ya mbao, wakaziunganisha kwa vijiti vya mti, kisha wakazishona kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, nalo lilisukwa kwa majani kama mkeka. Omo lake lilichomoza mbele mfano wa shingo ya ngamia, likapambwa na kutiwa macho, na simulizi za watu zililihusisha umbo hilo na ngamia wa Mtume Muhammad. Chombo hiki kilichukua mizigo mizito ya kawaida ya pwani, hasa boriti za mikoko.

Uhusiano wa mtepe na Wabajuni haukufichika kwa wageni. C. J. W. Lydekker alipochapisha maelezo yake mwaka 1919 katika jarida la Man, aliutaja katika kichwa cha makala yake kuwa ni chombo cha visiwa vya Wabajuni.

4.0 Chombo Kipya

Ni makosa kudhani kwamba Wabajuni waliendelea kushona kwa sababu hawakuwa wamewahi kuona msumari. Kuanzia 1498 meli za misumari za Wareno zilipita mbele ya macho yao. Baadaye misumari ilienea katika vyombo vya Waarabu na Wahindi vilivyokuja kwa pepo za msimu. Waunzi Waswahili nao walijifunza kazi hiyo, na vijiji kama Matondoni katika kisiwa cha Lamu vikapata sifa kwa kuunda majahazi. Chombo kipya kilikuwa na faida za wazi. Mbao zake zilibanwa imara, na tanga lake la pembe tatu liliweza kukata upepo kwa namna ambayo tanga la mkeka halikuweza.

Msamiati unatunza kumbukumbu ya mabadiliko haya. Msumari ni neno lenye asili ya Kiarabu. Jahazi nalo lilitujia kwa njia ya bahari hiyo hiyo, kutoka Kiarabu na Kiajemi. Shona, kamba na kumbi ni maneno ya Kibantu. Tusikimbilie kuhitimisha kwamba kila neno la mkopo lilifika siku moja na kitu chake, kwani lugha hukopa pia pale ilipo na neno lake. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba mwunzi wa mtepe aliweza kuieleza sehemu kubwa ya kazi yake kwa maneno yale yale yaliyotumika nyumbani kwake kwa nguo, mkeka na mnazi.

Mabadiliko hayakutoka nje tu. James Hornell, katika makala yake ya 1941 juu ya vyombo vya Lamu, alieleza aina mbili: mtepe na dau la mtepe. Aina hii ya pili nayo ilishonwa, lakini omo lake lilikuwa limenyooka, bila kile kichwa kilichopambwa. Hapa tunaona usanifu mpya uliofanywa kwa namna tofauti na ule wa Opera. Waunzi walibadilisha umbo la nje, wakauacha mshono jinsi ulivyokuwa. Jina nalo lilikiri mabadiliko: halikuitwa mtepe, bali dau la mtepe. Mtumiaji aliambiwa ukweli kwa neno moja la ziada.

5.0 Walichokuwa Wakikishikilia

Sababu za uaminifu huu zinasomeka katika chombo chenyewe. Ya kwanza ni ulaini wake. Chombo kilichoshonwa hujipinda kidogo kinapogusa mwamba au kinapokaa mchangani, na kamba zikarudi mahali pake. Chombo cha misumari ni kigumu, hivyo pigo lile lile huweza kupasua ubao au kung'oa msumari. Katika maji ya miamba na fungu za mchanga, ulaini huo ulikuwa faida kubwa, ingawa mtu wa bandarini angeweza kuuita udhaifu.

Sababu ya pili ni mali ghafi. Makumbi hufukiwa katika matope au mchanga wa pwani hadi yalainike, kisha hupigwa na nyuzi zake kusokotwa kuwa kamba, kazi ambayo katika sehemu nyingi za pwani imekuwa mikononi mwa wanawake. Msumari ulinunuliwa. Aliyetegemea msumari alimtegemea mwenye duka, na mwenye duka alimtegemea mwenye meli iliyouleta. Aliyetegemea kamba aliwategemea jamaa na majirani zake.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii, ni matengenezo. Mshono ukilegea hukatwa na kushonwa upya. Ubao ukioza hufunguliwa na kuwekwa mwingine. Kazi hii iliweza kufanyika ufukweni, maji yakiwa yamepwa, kwa zana chache na kwa mikono ya mabaharia wenyewe. Mtumiaji wa mtepe hakutenganishwa na siri ya chombo chake.

Tukirudi kwa watumiaji wa vivinjari, tunaona malalamiko yanayofanana na haya. Waliobaki na Firefox ya zamani hawakupinga kasi. Walichokipoteza ni zile nyongeza walizokuwa wamezikusanya kwa miaka, ambazo zilikuwa zimeugeuza uwanja wa kazi kuwa wao. Waliobaki na Opera 12 walikuwa na chombo walichokipanga kwa mkono wao. Toleo jipya liliwarudisha kuwa abiria katika chombo walichozoea kukiongoza. Methali yetu inayosema usiache mbachao kwa msala upitao kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni wito wa kuridhika. Historia ya mtepe inatufundisha kuisoma kwa makini zaidi. Mbacha, hata ukichakaa, ni wako. Unaujua ulipochanika, na unaweza kuushona. Msala upitao ni mzuri, lakini unapita, na mwenye mamlaka nao si wewe.

6.0 Gharama za Uaminifu

Haifai, kwa upande mwingine, kuugeuza mtepe kuwa pepo iliyopotea. Mtepe ulivuja. Mishono mingi ilikuwa na maana ya matundu mengi, na hakuna deheni iliyoweza kuyaziba yote daima. Mabaharia walilazimika kufua maji mara kwa mara safarini, na kazi hiyo kwa desturi ya vyombo huangukia wadogo kuliko nahodha. Uaminifu kwa chombo cha zamani, kwa hiyo, hugharimiwa na watu ambao si lazima wawe ndio waliouchagua.

Tanga la mkeka nalo liliufunga mtepe kwenye upepo wa nyuma. Aliyetaka kwenda kinyume cha kusi au kaskazi alisubiri, huku jahazi likiweza kujaribu. Kivinjari cha zamani nacho kina maji yake ya ngama: toleo lisilopata tena marekebisho ya usalama huvuja, hata kama mwenye kulitumia haoni maji. Anayelisifu bila kulitaja hilo anawadanganya wanaomfuata. Uaminifu unaostahili heshima ni ule wa baharia anayejua kiasi cha maji kilichomo chomboni mwake na bado ana sababu ya kubaki.

7.0 Mtepe Ulivyokoma

Kufikia miaka ya 1930 mitepe ya mwisho ilikuwa imetoweka baharini. Haikutoweka kwa sababu jahazi lilishinda mjadala siku moja. Mazingira yaliyoubeba mtepe yalibadilika taratibu. Vyombo vya misumari viliongezeka, meli za moshi zilipunguza thamani ya safari ndefu za matanga, na mafundi walizeeka bila kupata wanafunzi wa kutosha. Katika miaka hiyo hiyo ulimwengu wa kisiasa wa Wabajuni uligawanywa: mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na visiwa vya Ngumi, Chovai na Chula vikawa upande mmoja wa mpaka, Faza upande mwingine.

Vivinjari vya zamani hufa kwa namna hiyo hiyo. Mtumiaji huwa hajakata tamaa. Tovuti moja baada ya nyingine huacha kukielewa chombo chake, kama bandari zinazomfungia milango. Siku ya mwisho haina tarehe. Ni safari fulani tu ambayo haikufanyika.

Katika muongo huo huo lugha ya Kiswahili nayo ilikuwa ikifanyiwa usanifu mpya. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, Kiunguja kikiwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamusi ya Frederick Johnson ikachapishwa mwaka 1939. Faida za kazi hiyo ni kubwa, na mkutano huu wenyewe ni tunda lake. Hata hivyo tukumbuke mpangilio wa wakati. Kamusi za Kiswahili sanifu zilikuwa zikitengenezwa wakati mtepe wa mwisho ukioza ufukweni, na lahaja ya waunzi wake haikuwa lahaja iliyochaguliwa. Maelezo mapana ya chombo hiki yalibaki katika majarida ya Kiingereza, yakiandikwa na wageni, na makala ya Hornell ilitoka wakati chombo chenyewe hakionekani tena.

Mwaka 2003 mtepe wa mfano uliundwa Zanzibar na baadaye kuwekwa katika Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Tukio hilo linatosha kutukumbusha kwamba makumbusho nayo ni chombo, nacho huhitaji matengenezo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba Wabajuni waliokaa na mtepe kwa zaidi ya miaka 400 mbele ya misumari hawakuwa watu waliochelewa kuelewa. Walikipima chombo kipya kwa kipimo cha maji yao, mali ghafi yao na mikono yao. Walichokishikilia kilikuwa uwezo wa kukitengeneza chombo bila kuomba ruhusa ya mtu wa mbali. Walilipa gharama yake kwa kufua maji.

Kuna matokeo mawili kwa taaluma yetu. La kwanza linahusu istilahi. Tunapounda maneno ya teknolojia, tusiyahesabu maneno ya bahari kuwa mabaki ya zamani. Vinjari, nahodha, sukani na chombo vimekwisha kuthibitisha kwamba msamiati wa bahari unaweza kubeba fikra mpya, na Kitikuu kina hazina ambayo bado haijafunguliwa kwa kazi hiyo.

La pili ni la haraka zaidi. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi wa visiwani hadi Mombasa na nchi za mbali. Waliosikia kutoka kwa babu zao majina ya sehemu za mtepe, ya mishono, ya kamba na ya kazi zake, wanazeeka katika miji ambayo hakuna anayewauliza. Mtepe hautarudi kwenye bahari ya Ngumi, na si kazi ya mwanaisimu kuurudisha. Kazi yake ni kukaa na wazee hao sasa, popote walipo, na kuandika kwa lahaja yao wenyewe jina la kila ubao na kila mshono. Mshono uliolegea huweza kushonwa upya na anayejua jina lake na mahali pake. Jina likipotea, hata anayetaka kushona hajui aanzie wapi.